Haluli ya Nyanya

Mara tatu maishani nimekunywa haluli, ile chumvi ya kufungua tumbo, nikiwa mzima kabisa, tumbo halina kosa lolote, na mara zote tatu nilifanya hivyo kwa ajili ya nyanya. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo mnalolisubiri, na wale mliowahi kuishi kambini kwetu mnalijua tayari na mnalisimulia vibaya, mkiongeza mambo ambayo hayakuwepo (sikubebwa kwa machela, machela ililetwa tu). Kwa hiyo nitaeleza mwenyewe, kwa mpangilio, ili aibu iwe ya kiasi chake halisi, isizidi wala isipungue.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anapandisha bendera yake bomani Korogwe, nami nilikuwa fundi wa korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge ikaacha nyuzi. Shule sikuiona. Kusoma nilijifunza kwa maandishi ya kwenye masanduku ya vipuri, na nilipoweza sikuacha tena, nikawa nasoma kila karatasi inayopita mbele yangu, hata ile ya kufungia sukari, na watu wakadhani nina elimu, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha. Korona ilinifundisha kanuni moja ambayo nilidhani inatosha dunia nzima: kitu kikigoma, tafuta kosa, badili jambo moja tu, tazama, andika. Umri ulikuwa umepita arobaini na nilikuwa naishi peke yangu, kwa kuwa mke wangu wa kwanza alichoshwa na kelele za mashine pamoja na zangu, akarudi kwao Mkumbara.

Mwaka huo nilitumwa Kwaluguru, kule Handeni, kutengeneza mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa imekufa. Nilikaa siku nne. Siku ya kwanza niliitengeneza ikapona. Siku tatu zilizofuata niliitengeneza tena, kwa sababu kila asubuhi Bi Mwanaidi alikuwa analeta mahindi yake. Alikuwa mjane, mwenye shamba lake la mahindi na mbaazi, mtu wa maneno machache na macho yanayoona. Siku ya nne aliniuliza, "Fundi, hiyo parafujo unayoifunga si ndiyo uliyoifunga jana?" Nikajua huyu ndiye.

Nikapeleka posa kwa kaka yake, Mzee Mhina, aliyekuwa amekaa kibarazani kwake anachonga mpini wa jembe. Hakuacha kuchonga.

"Wewe ni manamba," akasema, yaani kibarua wa mkonge.

"Mimi ni fundi, mzee."

"Fundi wa manamba. Shamba lako liko wapi?"

"Naishi kambini, mzee. Nyumba ya shamba la mkonge."

"Umewahi kuotesha kitu kwa mkono wako kikazaa?"

Nililifikiria swali hilo kwa makini, maana napenda usahihi, nikajibu kwamba bado.

"Basi otesha. Kabla ya mvua za vuli nitakuja huko kwenu na huyu dada yangu. Nikikuta chochote ulichokiotesha kimezaa, nitakaa tuzungumze. Nisipokuta, nitakunywa maji nirudi zangu."

Masharti gani mepesi kuliko hayo? Alisema chochote. Mtu mwenye akili angepanda kunde. Mimi nilikuwa na kijitabu.

Kijitabu hicho cha kilimo cha bustani kiliachwa na bwana shamba mmoja aliyepita, kikachanika jalada, nami nikakiokota nikakisoma mara tatu kabla sijawahi kushika jembe. Kilisifu nyanya. Kambini kwetu ilikuwa marufuku kupanda kitu chochote kuzunguka nyumba (eti nyoka, eti mbu), lakini amri ilisema ardhini, haikusema kwenye madebe. Nikajiona mjanja sana. Nikakusanya madebe kumi na mawili ya mafuta ya taa, nikayaosha kwa maji moto, nikayajaza udongo, nikayapanga kwenye baraza yangu chini ya bati, nikayaandika namba kwa rangi nyeupe, moja hadi kumi na mbili, nikapanda miche, nikafungua daftari.

Kosa la kwanza lilijitokeza wiki ya pili: miche ikanyong'onyea, majani ya chini yakawa manjano, udongo ukanuka kama mtaro. Nikachunguza kwa siku tatu, nikaandika ukurasa mzima juu ya jua, upepo na wadudu, ndipo jirani yangu Mama Tabu, muuza vitumbua, akapita akasema, "Fundi, hayo madebe umeyatoboa chini?" Sikuwa nimeyatoboa. Mtu anayejua kila tundu la korona alikuwa amepanda nyanya ndani ya kisima.

Nikatoboa kwa msumari. Minyanya ikafufuka. Kwa furaha nikaongeza samadi ya ng'ombe, na ilipoipenda nikaongeza nyingine, na baada ya mwezi nilikuwa na msitu: mashina kama kidole gumba, majani ya kijani kizito, kimo kinapita dirisha. Watu wakawa wanakuja kutazama. Maua yakatoka, mazuri, ya manjano, yakakaa siku nne, yakadondoka yote. Yakatoka mengine, nayo yakadondoka. Kila asubuhi nilikuwa nafagia maua barazani kama niko kwenye harusi ya mtu mwingine.

"Fundi, huu mchicha wako tutaula lini?" Mama Tabu akauliza.

"Ni nyanya, Mama Tabu."

"Basi ni nyanya dume."

Jina likashika. Ikawa nikipita kiwandani vijana wa kukata mkonge wanaulizana kwa sauti kama dume la nyanya lipo, na kama kosa liko kwa mti au kwa mwenye mti, na mengine ambayo sitayaandika. Nami nikijua kuna mzee Kwaluguru anayesubiri kuuliza swali hilohilo, sikuona kichekesho.

Nikarudi kwenye kanuni yangu, jambo moja kwa wakati. Niliacha samadi kabisa. Maua yakapungua kudondoka, si sana. Kisha nikapima kwa kiganja joto la chini ya bati saa saba mchana, nikaona hata mimi ningedondoka, nikayasogeza madebe hadi ukingoni mwa baraza penye upepo, nikatundika gunia la kukinga jua la mchana. Yakapungua tena. Mwisho kijitabu kilisema ua la nyanya lina dume na jike ndani yake lenyewe (nilimsomea Mama Tabu sehemu hiyo kwa sauti), linachohitaji ni kutikiswa tu, vumbi lake lishuke. Kwa hiyo kila asubuhi saa tatu umande ukikauka nikawa nagonga kila kijiti cha kuegemezea kwa mpini wa bisibisi, gonga tatu, debe linalofuata, gonga tatu.

"Unawabishia hodi?" akauliza Mama Tabu. "Wamekuambia karibu?"

Siku ya tisa, debe namba saba, nyuma ya ua lililonyauka, palikuwa na punje ya kijani sawa na pilipili manga. Nilikaa chini. Baada ya wiki mbili yote kumi na mawili yalikuwa yamebeba, na jina la nyanya dume likafa lenyewe. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Lakini kijitabu kilisema matunda yanapenda majivu kidogo. Hakikusema kidogo ni kiasi gani, na jikoni kwa Mama Tabu majivu yalikuwa mengi na ya bure. Nikaweka. Nikaongeza. Haikupita muda majani ya chini yakaanza kugeuka kwa namna ambayo sijawahi kuiona, mishipa inabaki kijani na katikati ya mishipa panakuwa manjano, kama ramani ya mito, na kila wiki ramani inapanda jani moja juu. Nikafunua kijitabu. Ukurasa wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: majivu yakizidi mmea hushindwa kupata madini fulani, majani huwa manjano katikati ya mishipa, na dawa yake ni chumvi ya haluli, vijiko viwili vya mezani katika ndoo ya maji, mwaga kwenye shina.

Haluli. Ile ile. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kiasi kwamba sikuuandika hata kwenye daftari.

Zahanati ya kambi ilikuwa chini ya Dresa Yohana, mgawa dawa na mfunga vidonda wetu, Msambaa wa huko milimani, koti jeupe limepigwa pasi, mtu mwema na mkali. Mlangoni alikuwa amebandika tangazo kwa mkono wake: DAWA NI YA BINADAMU TU. Alilibandika baada ya mtu mmoja kuwapa kuku wake kwinini. Jumamosi moja nililisoma lile tangazo (si nilisema nasoma kila kitu), nikasimama hapo nikifikiri, na badala ya kuingia na kusema, "Dresa, nina minyanya yangu majani yake yamefanya hivi," nikaingia nikasema tumbo limefunga.

"Siku ngapi?"

Usahihi ulinitaka niseme sifuri. Nikasema, "Tatu."

Akakoroga haluli kwenye kikombe cha bati, akanipa. "Kunywa."

"Nitakunywa nyumbani, Dresa."

"Utakunywa hapa hapa. Nikiwaacha mwende nayo mnaimwaga."

Nikanywa. Sitaeleza siku iliyobaki. Nyanya hazikupata hata tone.

Jumamosi iliyofuata nikarudi na mpango ulioboreshwa. "Dresa, nipe ya unga tu, nitakoroga mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Napenda kukoroga."

Akanitazama kwa muda, akakoroga yeye, nikanywa. Hiyo ni mara ya pili. Ramani ilikuwa imepanda majani manne, na mvua za vuli hazikuwa zinanisubiri mimi.

Jumamosi ya tatu nikapata ufumbuzi ambao mpaka leo naona ni wa kifundi, tatizo lake ni moja tu. Nilijaza mashavu, nikashusha koo kana kwamba nimemeza, nikampa Dresa kikombe kitupu, nikainamisha kichwa kwa shukrani, nikatoka. Kutoka zahanati hadi barazani kwangu ni hatua mia tatu na kumi na mbili. Nitafika, nitaitema ndani ya ndoo, nitaongeza maji, nitamwagia madebe manne ya kwanza. Wiki ijayo manne ya pili. Wiki ya tatu manne ya mwisho. Hesabu ilikuwa kamili. Kitu ambacho sikukihesabu ni salamu.

Hatua ya arobaini hivi: "Shikamoo, Fundi!" Kijana wa kiwandani, na adabu zake zote.

Nikainua mkono.

"Shikamoo, Fundi!" akarudia, akidhani sikusikia.

Nikainua mikono miwili. Mnajua ninyi nyote kwamba marahaba hailipwi kwa mkono. Kijana akabaki amesimama njiani na shikamoo yake hewani. Wakafuata akina mama wawili wenye kuni, mjukuu wa nyapara, na Mama Tabu mwenyewe aliyeuliza, "Za zahanati?" nami nikamjibu "Mmm," mashavu yamejaa kama mpuliza tarumbeta. Nikafika. Nikatema. Madebe namba moja hadi nne yakanyweshwa. Baada ya wiki majani mapya yalikuwa yanatoka kijani safi, na ile manjano haikupanda tena. Nikaandika kwenye daftari: IMEFAULU.

Kambini nako walikuwa wanaandika yao. Fundi Athumani anakwenda kwa Dresa kila Jumamosi. Fundi Athumani haitikii shikamoo. Fundi Athumani ana mashavu. Ukiyajumlisha hayo matatu kwa utaratibu, kama Mama Tabu alivyoyajumlisha mbele ya wateja wake wa vitumbua, jibu ni moja: tumbo limefunga mpaka limepanda juu, sasa hata maneno hayapiti. Jumamosi ya nne (madebe tano hadi nane, salamu sita zilizokosa majibu) kabla ya kunipa kikombe Dresa Yohana aliniita pembeni, na uso wake ulikuwa na huruma iliyonitisha.

"Fundi, wiki ya nne. Kiasi nilichokupa kingezibua bomba la maji la kambi nzima. Unapata choo au hupati?"

Nikimwambia napata, dawa imekwisha na madebe manne hayajatibiwa. "Sipati," nikasema.

"Basi wiki ijayo nakuongezea mara mbili. Ikishindikana, nakupeleka hospitali ya Korogwe ukapigwe bomba la kusafisha tumbo."

Mtu mwenye busara angesimama hapo. Mimi nilihesabu kwamba imebaki Jumamosi moja tu. Mzee Mhina alikuwa ametuma ujumbe kwamba wangefika Jumapili, na nyanya za debe namba saba zilikuwa zimeiva nyekundu, kumi na moja, hazina doa.

Jumamosi ya tano Dresa alinikabidhi kopo kubwa. Mashavu yana mwisho wake. Nusu ilibidi niimeze kweli, nusu nikaibeba, nikainamisha kichwa, nikatoka. Nilipofika hatua ya mia na tisini, penye bomba la maji, nikaona watu watatu wanakuja mbele yangu. Mmoja alikuwa Mama Tabu, anaonyesha njia. Wa pili alikuwa Bi Mwanaidi, na kikapu kichwani. Wa tatu alikuwa Mzee Mhina, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Walikuwa wamepata lori la mapema.

Akasimama. Nikasimama. Yeye ni mkubwa kwangu, na ni shemeji mtarajiwa, na shikamoo ilikuwa juu yangu, na kila aliyekuwa bombani na ndoo yake alikuwa ameacha kuteka ili asikie.

Nikainama sana.

"Athumani," akasema Mzee Mhina.

Nikainama zaidi.

"Mwanaidi, huyu ndiye?"

"Ndiye, kaka," akasema Bi Mwanaidi, macho yake kwenye mashavu yangu.

"Msamehe, mzee," Mama Tabu akaingilia kwa wema wake wote, "mtu ni mgonjwa. Tumbo limefunga wiki ya tano sasa, limefika hapa," akagusa mashavu yake mwenyewe.

Kulikuwa na njia mbili, kutema mbele ya kanzu ile au kumeza. Nikameza. Yote. Kisha nikasema, kwa sauti safi kuliko zote nilizowahi kuzitoa, "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba," akasema taratibu. "Kumbe unasema."

Hiyo ndiyo mara ya tatu, na dozi yake ilikuwa ya watu wawili.

Niliwakaribisha, wakanawa, wakanywa chai, Mzee Mhina akauliza habari za kambi, habari za mkonge, habari za Mwingereza, na mimi nikiwa najibu kwa ufupi unaozidi kuwa mfupi. Saa nzima ikapita. Tumbo likaanza kunguruma kama korona inapowashwa. Mwisho akasimama, akaenda kwenye madebe, akaweka mikono nyuma. "Haya. Nieleze. Moja moja."

Siku ambayo nilikuwa naisubiri miezi mitano. Nikaeleza debe la kwanza, matundu, samadi, joto la bati. Yeye anauliza maswali ya mkulima, mazuri, ya kina, na anataka majibu ya kina. Nikaeleza debe la pili. La tatu nikaeleza huku nimebana magoti. Kwenye la nne nikasema, "Naomba ruhusa, mzee," nikaondoka.

Vyoo vya kambi vilikuwa mwisho wa laini ya nyumba, vinaonekana na kila mlango. Nilianza kwa kutembea. Sikumaliza kwa kutembea.

Nikarudi, nikaendelea debe la tano pale pale nilipoachia (sikuruka neno), jasho linatiririka. Kwenye la saba Mzee Mhina akasema, "Hizi zimeiva. Chuma." Nikamchumia moja, akaifuta kwenye kanzu, akauma, akatafuna akitazama mbali. "Tamu," akasema. Neno hilo moja! Na mimi, badala ya kulifurahia, nikasema, "Naomba ruhusa, mzee," nikakimbia tena.

Safari ya tatu nilipotoka chooni nilimkuta Dresa Yohana anakuja mbio, watu wawili nyuma yake na machela, maana alikuja kuangalia kama dozi mbili zimefanya kazi au anipakie kwenye lori. Akaniona natoka. Akaangalia mlango wa choo, akaniangalia mimi, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepokea mtoto salama.

"Limefunguka!" akapaza sauti. "Jamani, tumbo la Fundi limefunguka!"

Na kambi yangu, kambi ile iliyonicheka nyanya dume, kambi ambayo kwa wiki tano ilikuwa imenionea huruma bila mimi kujua, ikapiga vigelegele. Mama Tabu alianza, wakapokea wale wa bombani, vikapita laini ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtu akapiga sufuria. Nikatembea katikati yao kuelekea kwa mchumba wangu kama bwana harusi.

Mzee Mhina alikuwa anakula nyanya ya pili. "Wanashangilia nini?"

Hakuna aliyemficha.

Akatafuna polepole. "Nilikuja kutazama nyanya," akasema, "nyanya nimeziona. Lakini dada yangu simwozi kwa mtu ambaye kwenda kwake choo ni sikukuu. Mume wake wa kwanza, yeye ndiye aliyemuuguza miaka miwili, akamzika. Wa pili simpi mgonjwa."

Basi. Nyanya zimezaa na mke amekwenda. Nikaona hakuna kilichobaki cha kuficha, nikasema yote, mbele ya Dresa, mbele ya machela: kwamba sina ugonjwa wala sijawahi kuwa nao, haluli ilikuwa ya nyanya, ya ile manjano ya majani.

"Nyanya nayo hufunga tumbo?" akauliza Dresa, na watu wakacheka, na hakuna aliyeamini hata mmoja, wakadhani aibu imenipanda kichwani.

Bi Mwanaidi peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye madebe. "Namba moja hadi nne majani mapya ni kijani," akasema. "Tano hadi nane yanaanza kupona. Tisa hadi kumi na mbili bado manjano. Leo ilikuwa zamu ya haya, Fundi?"

"Ndiyo, Bi Mwanaidi. Haluli yake iko tumboni mwangu."

Akafungua daftari lililokuwa dirishani, akamwonyesha Dresa. Jumamosi zililingana. Dresa akasoma, midomo inacheza. "Lakini mimi nilikuona unakunywa kwa macho yangu!"

Hapo ningenyamaza. Ila usahihi ni ugonjwa, na huo ndio ninao kweli. "Sikumeza, Dresa," nikasema. "Nilikuwa nabeba mdomoni, nakuja kuitema kwenye ndoo, halafu nanyweshea nyanya."

Taya la Mzee Mhina likasimama.

Akatazama nusu ya nyanya iliyo mkononi mwake. Akatazama mdomo wangu. Akaenda ukingoni mwa baraza akatema, akasukutua kwa maji, akatema tena, akasukutua. "Mwanaidi," akasema bila kugeuka, "chukua kikapu."

Bi Mwanaidi hakuchukua kikapu. Alikwenda debe namba saba, akachagua iliyoiva kuliko zote, akaifuta kwa pindo la kanga, akaanza kuila. Alikula bila haraka, amesimama, ananitazama mimi, mpaka akamaliza, akalamba hadi mbegu ya kwenye kidole.

"Mwanaidi!"

"Kaka," akasema, "ulimuuliza kama amewahi kuotesha kitu kikazaa. Kimezaa. Nami nimeshiba."

Mzee Mhina akavuta kiti, akakaa. Alisema nikikuta, nitakaa. Alikaa. (Naomba tena ruhusa, nikasema, na safari hiyo alinipa kwa mkono tu.)

Dresa Yohana ndiye aliyebaki na la mwisho siku hiyo. Alinisubiri nilipotoka, amebeba tangazo lake la mlangoni mkononi, sijui alitaka kunipiga nalo. "Fundi, nyuma ya zahanati kuna gunia zima la haluli lililoshika unyevu likaganda. Nimetafuta mwezi mzima pa kulitupa. Kwa nini hukuniambia?"

Tangu siku ile, nikitaka kitu kwa mtu nakitaja kwa jina lake na kazi yake, hata kama kuna tangazo mlangoni. Na nyanya bado napanda, madebe yametobolewa, majivu kiganja kimoja tu. Na mdomoni sibebi kitu chochote nikiwa njiani, hata punje ya karanga, nisije nikakutana na mtu wa kuamkia.

Ndoa ilifungwa Kwaluguru baada ya vuli. Wanawake walipopiga vigelegele, watu wote walimgeukia bibi harusi. Mimi niligeuka kutazama choo kiko wapi.